Tamasha la hisani la nyimbo za harakati kwa watoto walio vitani: mwongozo kamili, kuanzia mpokeaji hadi risiti ya mwisho

Ukumbi hujaa, wasanii hupiga bure, watu hulia na kushangilia. Kisha mweka hazina anafanya hesabu Jumatatu asubuhi na kukuta kilichobaki hakitoshi hata kulipia jenereta. Kosa ni lile lile kila mara: waandaaji huanza na wasanii, kisha bango, na mtoto anayechangiwa wanamkumbuka mwisho. Mwongozo huu unakwenda kinyume: unaanza na anayepokea pesa na kurudi nyuma hadi jukwaani.

Mfano tunaotumia ni ukumbi wa watu 300 jijini Nairobi, kuchangia watoto waliohamishwa na vita mashariki mwa Kongo. Muda ni wiki 12, na tunazihesabu kurudi nyuma: wiki ya 12 ni wiki 12 kabla ya tamasha. Ukiwa na wiki nne tu, fanya kikao kidogo cha gitaa na mashairi, tamasha kamili liache.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kamati ya watu watano: mwenyekiti, mweka hazina, msimamizi wa jukwaa, msimamizi wa mlango, na mtu mmoja wa ulinzi wa watoto ambaye hana kazi nyingine.
- Akaunti ya benki ya kikundi yenye watia saini watatu, wawili wakitosha kutoa pesa.
- Namba ya M-Pesa ya kupokelea malipo iliyosajiliwa kwa jina la kikundi. Namba ya simu ya mtu binafsi haifai, hata awe mwaminifu namna gani.
- Vitabu vya tiketi vyenye namba mfululizo, 001 hadi 260, na kadi 40 za waalikwa zenye rangi tofauti.
- Faili moja la karatasi: mikataba, vibali, ankara, risiti. Picha za simu ni nakala tu.

## Hatua ya 1: Mpate mpokeaji (wiki ya 12 hadi ya 10)

Tafuta shirika ambalo tayari linafanya kazi na watoto huko. Usianzishe lako kwa ajili ya tamasha moja. Kama limesajiliwa Kenya, omba cheti chake chini ya Sheria ya PBO (mashirika ya manufaa ya umma) ya 2013, iliyoanza kutumika Mei 2024. Omba pia hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliopita na sera yake ya kulinda watoto. Likisita kutoa chochote kati ya hivyo, shukuru na uendelee na lingine.

Kisha uliza swali ambalo waandaaji wengi hulionea haya: shilingi yetu inamfikiaje mtoto? Waasi wa M23 walipoushika mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, mwishoni mwa Januari 2025, benki mjini humo zilifunga milango na uwanja wa ndege ukafungwa. Shirika linalofanya kazi eneo kama hilo lazima liwe na jibu lililonyooka: pesa zinapitia wapi, nani anazitoa, makato ni kiasi gani kila kituo. Jibu la "tutaona zikifika" maana yake hawajawahi kuzifikisha.

Andikianeni barua ya makubaliano ya ukurasa mmoja au miwili. Iseme:

- pesa ni za kazi gani hasa (kwa mfano kuendesha eneo rafiki kwa watoto, ambako wanacheza na kusoma chini ya uangalizi);
- gharama ya mtoto mmoja kwa mwezi mmoja katika kazi hiyo, ili MC awe na namba ya kutaja jukwaani;
- pesa zifanyiwe nini eneo lisipofikika;
- ripoti itatoka lini, na nani ataitia saini.

Kwa nini karatasi itangulie? Tarehe 1 Agosti 1971, wanamuziki George Harrison na Ravi Shankar walifanya matamasha mawili siku moja Madison Square Garden, New York, kwa ajili ya wakimbizi wa Bangladesh. Pesa za mlangoni, kama dola 243,000, zilikwenda UNICEF. Mamilioni yaliyotokana na albamu na filamu yalikwama miaka kwa sababu ya madai ya kodi Marekani, kwa kuwa usajili wa hisani haukufanywa mapema. Kama walikwama wao, wewe na kamati ya watu watano jihadharini.

Onyo: usikusanye nguo na vitu vya kuchezea. Kuvisafirisha mara nyingi hugharimu kuliko thamani yake, na sokoni huko vipo.

Umefaulu ukiwa na: barua iliyotiwa saini na pande mbili, na uwezo wa kueleza njia ya pesa kwa sentensi mbili bila kusoma.

## Hatua ya 2: Piga hesabu hadi iume (wiki ya 10)

Bei hizi ni za kufundishia. Weka zako, lakini fuata mpangilio.

Matumizi, kwa shilingi za Kenya: ukumbi 60,000, mitambo ya sauti 70,000, jenereta na mafuta 20,000, vibali na leseni 15,000, usafiri wa wasanii na wapigaji wao 40,000, chakula 15,000, walinzi na huduma ya kwanza 15,000, mabango 10,000. Jumla 245,000. Ongeza asilimia 10 ya dharura: 269,500.

Mapato: viti 300, toa 40 vya waalikwa, vinabaki 260. Kadiria utauza asilimia 70, yaani 182, kwa shilingi 1,000. Unapata 182,000.

Tazama namba hizo mbili tena. Tamasha limefana, na tayari una deni la 87,500. Hapo ndipo wengi huzama, kwa sababu hawakuziandika kwenye karatasi moja.

Kanuni ni hii: gharama zote zilipwe na wafadhili, kwa pesa au kwa kitu, kabla tiketi ya kwanza haijauzwa. Mwenye ukumbi akiutoa bure, mwandikie 60,000 kama mchango wake na umtaje. Ukifika wiki ya 8 nusu ya gharama haijapata mfadhili, punguza tamasha: ukumbi wa shule, magitaa mawili, spika mbili. Usipandishe tiketi.

Gharama zikishafunikwa, kila shilingi ya mlangoni ni ya watoto, na unaweza kuliandika hilo kwenye bango bila kupepesa macho. Ukilazimika kukata gharama kwenye kiingilio, andika kwenye tiketi yenyewe ni kiasi gani.

## Hatua ya 3: Vibali (wiki ya 9 hadi ya 2)

Anza na visivyo na haraka ya kutoka.

Kuchangisha umma. Kukusanya pesa kwa watu Kenya kunaongozwa na Sheria ya Makusanyo ya Umma, Sura ya 106. Omba ushauri mapema kuhusu ndoo za mchango na namba mtakayoitangaza. Njia rahisi ni uchangishaji ufanyike chini ya jina la shirika linalopokea, ikiwa lina idhini tayari.

Kelele. Kanuni za Mazingira za 2009 kuhusu kelele na mitetemo zinahusu hata hisani. Kibali kiombwe kwenye kaunti, na utaje saa ya kumaliza.

Leseni ya muziki. Wimbo kuimbwa kwa ajili ya watoto hakuufanyi kuwa wa bure. Uliza KECOBO (Bodi ya Hakimiliki ya Kenya) ni chama gani cha kukusanya mirabaha, yaani malipo ya wenye nyimbo, chenye leseni mwaka huo, kisha ulipe huko na utunze risiti.

Polisi. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka taarifa ya mkutano wa hadhara ifike kwa OCS (mkuu wa kituo cha polisi) si chini ya siku tatu wala si zaidi ya siku 14 kabla. Hata ukiambiwa tamasha la ndani ya ukumbi halihitaji, peleka barua. Ni taarifa, si ombi, andika hivyo. Rudi na nakala iliyogongwa muhuri, maana siku ya tamasha zamu ikibadilika, afisa mpya hajui lolote mlilozungumza na mwenzake.

Kwa walio Tanzania, mlango wa kwanza ni afisa utamaduni wa wilaya au manispaa, kisha BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa).

## Hatua ya 4: Kuchagua nyimbo (wiki ya 8 hadi ya 5)

Hapa ndipo tamasha la nyimbo za harakati linapoachana na tamasha la hisani la kawaida, na ndipo linapoweza kuwaumiza wale wale linaotaka kuwasaidia.

Wimbo wa harakati kazi yake ni kuwataja wanaodhulumu. Shirika la misaada kazi yake ni kutochagua upande, kwa sababu lori lake la dawa linapita vizuizi vya pande zote. Msanii akimtaja kamanda fulani kwa jina, nyuma yake kuna bango lenye nembo ya shirika, na mtu akarekodi sekunde 30 kwa simu, video hiyo inaweza kufika kwenye kizuizi cha barabarani kabla ya Jumatatu. Atakayeulizwa ni dereva wa shirika, si msanii.

Kwa hiyo fanya mambo mawili. Usimzibe msanii mdomo: ukitaka nyimbo za kubembeleza, tafuta kwaya ya harusi. Na usiweke nembo ya mpokeaji jukwaani. Jina lake likae kwenye tiketi na kwenye meza ya maelezo mlangoni, na hata hapo kwa idhini yake. Mwakilishi wake asisimame kuzungumza katikati ya nyimbo.

Omba maneno ya kila wimbo yaliyoandikwa, yote, pamoja na maneno ya kibwagizo na ya kupiga mayowe. Yasomeni kwa sauti, wanakamati watatu na mtu mmoja kutoka kwa mpokeaji. Kama kuna Kilingala, Kinande au Kinyarwanda, tafuteni anayekijua kama lugha ya mama. Tafsiri ya simu haitoshi. Kisha pitisheni kila wimbo kwenye chekecheo tatu:

1. *Unamlaumu nani?* Serikali, jeshi, kundi la waasi, kampuni ya madini, mataifa yanayouza silaha: hao wanalaumika. Kabila halilaumiki. Mashariki mwa Kongo, mstari unaowaita watu fulani "wageni" au kuwataka "warudi kwao" si harakati, ni kuni za moto ule ule unaowakimbiza watoto. Kenya pia ni kosa la jinai: soma kifungu cha 13 cha Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya 2008.
2. *Unamtaja mtu aliye hai kwa kosa la jinai?* Kama ndiyo, je, ni jambo lililothibitishwa hadharani, au ni uvumi wenye midundo mizuri?
3. *Mtoto wa huko akiusikia, yumo vipi?* Nyimbo nyingi humfanya mtoto kuwa maiti au chozi. Moja ya namna hiyo inatosha. Zilizobaki zimpe sauti, mchezo, hasira, hata utani.

Wimbo ukikwama kwenye chekecheo la kwanza, hauimbwi. Ukikwama kwenye la pili, kaeni na mtunzi. Mara nyingi kubadili jina kuwa cheo kunatosha. La tatu ni suala la mpangilio tu.

Wasanii wanne wanatosha. Kila mmoja dakika 25, jumla 100. Kubadilisha jukwaa mara tatu kwa dakika 10, jumla 30. Wito wa mchango dakika 15. Hiyo ni saa 2 na dakika 25. Anza saa tisa alasiri na umalize kabla ya saa kumi na mbili jioni, watu wapate matatu kungali mwanga.

Wito wa mchango uwe baada ya msanii wa tatu. Ukiuweka mwisho, nusu ya ukumbi iko kituoni.

Umefaulu ukiwa na: orodha ya nyimbo iliyotiwa saini na kila msanii, na mpokeaji ameiona.

## Hatua ya 5: Makubaliano na wasanii (wiki ya 7)

"Nitakuja bure" maana yake mwimbaji haombi malipo. Mpiga besi wake je? Nauli ya kurudi na vyombo? Chakula? Andika ukurasa mmoja: saa ya kufika, nyimbo, usafiri, mlo, nani mwenye haki ya kurekodi, na mapato ya video yakiingia yaende wapi. Walipe wapigaji hata kidogo. Asiyelipwa kabisa ndiye anayepata kazi nyingine Jumamosi ile ile.

## Hatua ya 6: Sauti na umeme (wiki ya 6, kisha siku yenyewe)

Nyimbo hizi zinaishi kwa maneno. Mdundo ukimeza maneno, umepoteza sababu ya watu kuja.

Hesabu njia za mikseri: maiki sita (waimbaji watatu, MC, mbili za akiba), gitaa moja, besi moja, kinanda mbili, ngoma nne, kompyuta mbili. Jumla 16. Usikodi mikseri ya njia 16. Kodi ya 24, maana moja ikifa katikati ya wimbo huna pa kuhamia. Ongeza spika mbili kubwa, mbili za besi, na nne za kuwasikilizisha wasanii jukwaani.

Umeme: sauti kama kilowati 4, taa za LED 1.5, ampu na vinanda 1, vidogo vidogo 0.5. Jumla 7. Gawanya kwa 0.8 upate kVA 8.75 (kVA ndicho kipimo cha uwezo wa jenereta). Jenereta isibebeshwe zaidi ya asilimia 70 ya uwezo wake, kwa hiyo unahitaji kVA 12.5, kodi ya 15. Itakunywa dizeli kama lita 3 kwa saa. Kwa saa saba, weka lita 30.

Iweke mita 20 au zaidi kutoka ukumbini, bomba la moshi likielekea mbali na madirisha. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi inayoua bila harufu ya kuonya. Fimbo ya ethi ichimbiwe ardhini kabla ya kuwashwa.

Mambo yanayoharibika, na sababu zake:

- *Spika zinavuma "mmmm" mfululizo.* Mara nyingi taa na sauti zimechomekwa njia moja. Zitenganishe tangu kwenye jenereta.
- *Maiki inapiga mluzi.* Tazama mkono wa msanii. Warapu wengi huziba kichwa cha maiki kwa kiganja. Maiki ikizibwa hivyo husikia kila upande, spika ya jukwaani ikiwemo. Mwambie ashike mpini. Spika ya jukwaani nayo ikae nyuma ya maiki, ikiitazama mkiani.
- *Nyatiti (ala ya nyuzi ya Waluo) haisikiki.* Maiki iko mbali. Isogeze karibu na tundu la sauti, na uzime spika ya jukwaani iliyo karibu nayo.

Wastani wa sauti usizidi desibeli 100 kwa kila dakika 15, kiwango cha juu kilichowekwa na WHO kwa kumbi za muziki. Watoto wakiwemo, shuka chini zaidi na uwaweke mbali na spika.

Jaribio la kufaulu: msanii aimbe ubeti mmoja wa wimbo usiojulikana. Mtu aliyekaa safu ya mwisho auandike. Akikosa zaidi ya neno moja kati ya kumi, punguza besi na ngoma, usiongeze maiki.

## Hatua ya 7: Watoto, jukwaani na pichani

Usimlete mtoto aliyetoka vitani kusimulia yaliyompata. Pesa zitaongezeka siku hiyo, na yeye atalipa baadaye.

Kwaya ya watoto ni jambo jingine. Mzazi atie saini. Mtu mzima mmoja kwa watoto wanane. Choo chao peke yao. Waimbe mapema na kurudi nyumbani kabla ya wito wa mchango. Hakuna mtu mzima kubaki peke yake na mtoto mmoja nyuma ya pazia, hata awe mwimbaji ambaye mtoto anampenda.

Picha za watoto wa huko: uso usionekane, jina libadilishwe, kijiji kisitajwe. Mtoto aliyetoroka kundi la silaha anaweza kutafutwa kwa picha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi; kama shirika halina idhini hiyo kwa maandishi, tumia michoro ya watoto au picha ya viatu mlangoni mwa darasa.

## Hatua ya 8: Mlango

Meza mbili. Moja ya wenye tiketi, moja ya wanaonunua. Kwenye meza ya pesa wakae wawili wasio ndugu.

Usikubali ujumbe wa M-Pesa unaoonyeshwa kwenye simu ya mteja. Jumbe za kughushi ni nyingi. Angalia simu ya kikundi, soma jina na kiasi, ndipo ukate tiketi na kuandika herufi nne za mwisho za namba ya muamala nyuma ya kipande kinachobaki.

Ndoo za mchango ziwe na kifuniko kilichofungwa kwa utepe na kutiwa saini juu ya utepe, kila moja na namba yake. Zikirudi, zihesabiwe tena ndoo kabla ya pesa.

## Hatua ya 9: Kuhesabu na kutuma (usiku huo hadi siku ya 30)

Chumba kinachofungwa, watu watatu, simu mezani. Karatasi iwe hivi:

Tiketi zilizouzwa 187. Zinapaswa kuleta 187,000. M-Pesa 151,000. Taslimu 35,500. Pungufu 500.

Andika hilo pungufu. Usilijaze kutoka mfukoni. Pesa za mlangoni mara nyingi hupungua au kuzidi kidogo, na mkaguzi hushuku zaidi karatasi inayolingana kila mara. Wote watatu watie saini, piga picha, na taslimu zilale mahali palipokubaliwa mapema hadi benki ifunguliwe.

Ndani ya siku saba, mpelekee mpokeaji kwa uhamisho wa benki. Usitoe hundi kubwa ya kadibodi jukwaani siku ya tamasha: kiasi hakijajulikana, na namba ya makisio ikishatamkwa hadharani haifutiki.

Siku ya 30, tangaza ukurasa mmoja pale pale ulipotangaza tamasha: mapato kwa aina, gharama na nani alizilipa, kiasi kilichotumwa, tarehe, na risiti ya mpokeaji ikiwa imefutwa namba za akaunti. Ripoti ya kazi yenyewe itakuja baadaye, kwa tarehe iliyo kwenye barua yenu ya wiki ya 10. Iweke tarehe hiyo kwenye simu za watu wawili, si ya mwenyekiti peke yake.